Nadhiri Iliyotolewa Koridoni

Fanny alipotajwa jina kanisani, aligeuka nyuma kumtafuta Fanny mwingine.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, Karema kwa lugha ya mtaa. Watu walikuwa wamekuja na matawi yao makavu ya mwaka uliopita, yale yaliyokaa miezi yote nyuma ya misalaba na juu ya milango, ili yachomwe na majivu yake yapakwe kwenye vipaji vya nyuso zao. Wengine waliyafunga kwa uzi, wengine waliyakunja ndani ya mfuko wa plastiki, na mzee mmoja aliyabeba begani kama mtu atokaye shamba, watoto wakamcheka mpaka katekista akawakazia macho. Baada ya Misa katekista alisoma matangazo: maungamo Jumanne kuanzia saa nane mchana, Misa ya Majivu Jumatano saa kumi na mbili asubuhi. Halafu Mama Chance, kiongozi wa jumuiya yao ndogo ya mtaa, alinyoosha kitambaa chake cha kichwa akasimama.

"Jumuiya yetu iko na furaha," alisema. "Munakumbuka Fanny wa Mama Viviane, vile alitaka kutuacha wakati wa kuzaa. Mama yake alitoa nadhiri, na sisi tulisikia. Bon, Karema njo hii imefika. Kuanzia Jumatano Fanny atafunga siku zote arobaini, maji tu mpaka jua lizame, na Pasaka atasimama hapa mbele kutoa ushuhuda. Tumupigie makofi!"

Makofi yakapigwa. Fanny alikuwa benchi la nyuma kabisa, titi nje, Jephté wake wa miezi mitano akinyonya na kuachia, akinyonya na kuachia. Hapakuwa na Fanny mwingine. Wanawake walimgeukia wakitabasamu, na mmoja akamshika goti kwa upole kama anavyoshikwa bibi arusi. Kando yake mama yake mzazi alitazama altare bila kupepesa.

Hawakuongea mpaka walipoingia avenue yao. Baiskeli za toleka zilipita na abiria wao waliovaa za Jumapili, na Mama Viviane, ambaye kwa kawaida alisalimia kila mtu hata asiyemjua, siku hiyo alikuwa anaangalia miguu yake.

"Mama."

"Sema."

"Nadhiri gani?"

"Ile."

"Ile gani? Miye hakuna mutu aliniambia kitu."

"Ulikuwa unaumwa. Halafu ukapona. Halafu mutoto alikuwa mudogo. Nilisema nitakuambia wakati ukikaribia."

"Umekaribia mpaka Mama Chance ameutangaza mbele ya parokia muzima!"

"Mama Chance iko na mudomo," alisema Mama Viviane. "Hilo ni tatizo lake."

Walisimama kwenye kivuli cha ukuta. Mama Viviane alikuwa mwanamke mpana, mjane wa Isangi, aliyeuza samaki wa moshi sokoni tangu Fanny hajazaliwa. Mikono yake ilinuka moshi hata akiiosha kwa ndimu. Aliitoa ile mikono, akaiangalia, akaanza kueleza. Korido ya maternité. Wauguzi wanakimbia na mabeseni. Damu inapita chini ya mlango, siyo matone, inapita. Yeye na wanawake sita wa jumuiya wamepiga magoti kwenye sakafu, rozari mkononi, na hakuna hata mmoja anayekumbuka amefika fumbo la ngapi. Daktari anatoka, hasemi kitu, anarudi ndani. Hapo ndipo aliposimama akasema kwa sauti, wote wakasikia: Bwana, niachie huyu. Ukiniachia, Karema itakayokuja atakufungia siku zote arobaini, isipokuwa Jumapili zako. Mchana maji. Jioni kipande cha kwanga ya muhogo na chumvi.

"Kwa nini hukujiahidi weye mwenyewe?"

"Miye?" Mama Viviane alicheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. "Njaa yangu Mungu anaijua tangu Isangi. Ningemuahidi nini, kitu ninachokifanya kila wiki? Angeniambia, Viviane, hicho ni kawaida yako. Nilitoa kile kilichoniuma."

"Ulitoa tumbo langu."

"Nilitoa tumbo lako ili ubaki nalo."

Fanny alimhamisha mtoto kutoka bega moja kwenda jingine. Alitaka kukasirika. Hasira ingemsaidia, ingempa mahali pa kusimama. Lakini alipoitafuta alikuta kitu kingine: taa ya dari siku ile, baridi iliyoanzia vidoleni mwa miguu ikapanda magotini, ikapanda kiunoni, na yeye akiwa ameridhika kabisa kwenda nayo. Halafu akarudi. Ni nini kilichomrudisha? Mifuko mitatu ya damu ya watu wasiojulikana, au mikono ya daktari, au mwanamke aliyesimama koridoni akipiga kelele? Hakujua. Na kama hakujua, angewezaje kusema kwamba nadhiri haikuhusika?

"Na jina la mutoto?" aliuliza, kwa maana ni mama yake aliyelichagua.

"La yule wa Maandiko aliyemuahidi Mungu na hakurudi nyuma," alisema Mama Viviane. "Kila nikimwita, ninakumbuka."

* * *

Jumatatu ilikuwa siku ya kupima watoto kilo. Kwenye kituo cha afya mizani ilining'inia mlangoni, na watoto waliingizwa mmoja mmoja ndani ya kikaptula chake cha kitambaa, wakaning'inizwa wakilia, miguu ikipiga hewa. Jephté hakupiga hewa. Alining'inia ametulia, anaangalia dari, na muuguzi Florentine alisubiri sindano ya mizani itulie, akaisoma, akaigonga kwa kidole, akaisoma tena.

"Kilo tano na gramu mia tatu. Mwezi uliopita alikuwa na mia nne." Akaandika kwenye kadi, na ule mstari uliokuwa ukipanda kwa shida tangu Septemba ukaanza kuteremka. "Fanny, mutoto anashuka. Unakula nini?"

"Ninakula."

"Sikuuliza kama unakula. Nimeuliza nini."

Fanny akataja. Chai asubuhi. Pondu ya majani ya muhogo, kama ipo. Mume wake, Lambert, alikuwa mtoni na baleinière, boti ya mbao ya mizigo, tangu mwezi wa kwanza, na siku nyingine yeye na mama yake walikula mara moja.

"Haitoshi. Sikia, mama, huyu hana chakula kingine duniani isipokuwa weye. Unakula mara nne. Uji wa karanga, samaki, lituma ya ndizi, kitu chochote cha kushika tumbo. Unakunywa maji mpaka uchoke. Ukijinyima, unamunyima yeye. Alhamisi munarudi, nataka kuona hii sindano imesogea."

"Jumatano ninaanza kufunga."

Florentine akaweka kalamu chini. "Nani amekuambia? Mimi mwenyewe Mkatoliki, niko kwenye kwaya. Kanisa halimufungishi mwenye kunyonyesha, hata hiyo Jumatano ya Majivu yenyewe, hata Ijumaa Kuu. Kula na usiwe na hofu."

"Siyo mufungo wa Kanisa. Ni nadhiri. Mama aliitoa nilipokuwa ninakufa."

Muuguzi akaichukua kalamu tena, akaizungusha kati ya vidole. Alikuwa mwanamke wa maneno makali, aliyewafokea akina mama waliochelewesha chanjo mpaka wakalia, na Fanny alimsubiri afoke. Alitamani sana afoke. Lakini Florentine alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ah. Nadhiri," alisema. "Hiyo sasa... hiyo uende kwa padri."

Akaita mtoto anayefuata.

Nyumbani, kwenye parcelle waliyopanga pamoja na familia nyingine, jirani yake Djamila alikuwa amekaa kizingitini anachagua mchele. Mwaka huo Ramadhani na Kwaresima zilikuwa zinaanguka wiki moja, labda hata siku moja, ikitegemea mwezi, na tangu asubuhi Djamila alikuwa anafurahia jambo hilo.

"Tumefungwa pamoja mwaka huu, ninyi na sisi!" alisema. "Mutaona sasa. Ninyi munakunywa maji mchana, munaita hiyo kufunga. Kwetu hata mate tunafikiria mara mbili." Halafu akamwona uso. "Fa, ni nini? Mutoto?"

Fanny akamweleza, akiwa amesimama, kadi ya kilo bado mkononi. Djamila alisikiliza, sahani ya mchele mapajani.

"Lakini kwetu mwenye kunyonyesha anakula," alisema. "Akihofia mutoto, anakula. Siku zake anazilipa baadaye, mutoto akishapata nguvu. Mungu hana haraka. Si mufanye vile? Funga mwaka ujao."

Kutoka jikoni, ambako moshi ulikuwa unatoka na hakuna aliyedhani kuna mtu anasikiliza, sauti ya Mama Viviane ilitoka pia.

"Djamila, mwanangu, siku za kwenu zinahamishika. Miye nilitaja Karema hii. Kwa mudomo wangu. Sikusema moja ya zile zitakazokuja."

"Basi, Mama Viviane, umuambie Mungu alikusikia vibaya, kulikuwa na kelele!"

Walicheka wote watatu, hata Mama Viviane kule ndani. Kilikuwa kicheko kizuri. Halafu Jephté akaanza kulia, ile sauti yake nyembamba kama ya paka, na kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Simu ya Lambert ilipatikana jioni kabla ya giza, alipofika mahali penye réseau karibu na Yangambi. Fanny alimwambia yote kwa haraka, kabla mawasiliano hayajakatika. Upande wa pili alisikia injini, maji, mtu anayegombana kuhusu mbuzi.

"Lambert? Unasikia?"

"Ninasikia."

"Nifanye nini?"

Fanny akatazama simu kama bado inawaka.

"Miye siku ile sikuwepo, Fanny," alisema mwishowe. "Mama alikuwepo. Nitasema nini miye?"

Na Fanny, aliyempenda kwa sababu hakuwa mtu wa kuamrisha, alitamani kwa mara ya kwanza kuwa na mume wa kuamrisha.

* * *

Jumanne saa nane mstari wa maungamo ulikuwa umeshazunguka kanisa. Abbé Henri alitoa kiti nje, kwenye ukuta wa upande wa sakristia, kwa sababu ndani kulikuwa na joto la tanuri. Alivaa stola yake ya zambarau juu ya kanzu, akakaa ameegemeza sikio upande mmoja, na watu walikuja wakapiga magoti kwenye kipande cha katoni alichowawekea chini. Kila aliyemaliza aliondoka akipiga ishara ya msalaba, mwepesi kidogo. Fanny aliwaangalia. Aliwaonea wivu dhambi zao, zile ambazo mtu anazitaja, anapewa malipizi, anakwenda.

Zamu yake ilipofika alipiga magoti na mtoto mgongoni.

"Mon père, sijui kama nimekuja kuungama dhambi niliyofanya au ile nitakayofanya."

Abbé Henri, ambaye alikuwa ameshasikiliza watu kama sitini, alifungua macho.

Akamweleza. Korido, mama yake, siku arobaini, mizani iliyogongwa kwa kidole. Alieleza vizuri, bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kufika mahali. Padri alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa jasho kwa kitambaa.

"Sikia, binti yangu. Hakuna mtu anayeweza kumuahidi Mungu mwili wa mtu mwingine. Hata mama. Mama yako alilia, na Mungu alisikia kilio chake. Lakini ile nadhiri haikukufunga hata dakika moja. Na kama moyo wako bado una shaka, mimi hapa, padri wako, ninakufungua. Uko huru. Leo kula. Kesho njoo upokee majivu, halafu rudi nyumbani ule. Hiyo ndiyo Kwaresima yako: kumunyonyesha mutoto."

Alikuwa amengoja maneno hayo tangu Jumapili. Sasa yalikuwa yametamkwa, wazi, na mtu mwenye haki ya kuyatamka. Fanny alibaki amepiga magoti akingoja yashuke ndani yake.

"Lakini niko hai, mon père," alisema.

"Ndiyo. Mungu asifiwe."

"Kama alisikia kilio, alisikia na ahadi."

"Mungu hafanyi biashara ya samaki."

"Mama njo anafanya," alisema Fanny, na abbé alijikuta anatabasamu bila kutaka. Lakini yeye hakutabasamu. "Mon père, yule Jephté wa Maandiko. Mama anasema aliahidi na hakurudi nyuma. Aliahidi nini?"

Abbé Henri aliangalia kile kichwa kidogo kilichoegemea mgongo wa mama yake, shingo nyembamba, mdomo wazi.

"Kumtolea Mungu wa kwanza atakayetoka mlangoni kumlaki," alisema. "Alikuwa na binti."

"Halafu?"

Nyuma yao mstari ulisogeza miguu. Mtu alikohoa ili padri akumbuke muda. Abbé Henri akakunja kitambaa chake, akakikunja tena, kikawa kidogo kabisa ndani ya kiganja.

"Umulete mama yako," alisema. "Leo. Nitakaa hapa mpaka jua lizame. Mwambie ninamungoja."

Akampa maondoleo. Fanny aliondoka akipiga ishara ya msalaba, na alikuwa mzito kuliko alivyokuja.

Mama Viviane alikuwa nyuma ya nyumba anageuza samaki juu ya wavu, uso umeelekea pembeni kukwepa moshi. Hakuacha kugeuza wakati Fanny anasema. Alimaliza safu moja, akaanza nyingine.

"Abbé ni kijana," alisema.

"Ni padri, mama."

"Ni padri kijana. Siku ile alikuwa wapi? Aliona damu chini ya mulango? Niende nimuambie Mungu nini: nilikuwa ninacheza? Ulinipa, nilipokea, sasa ninarudisha mukono nyuma?"

"Hakusema vile. Amesema Mungu hakuhitaji ile nadhiri."

"Kama hakuihitaji, kwa nini daktari alitoka mara ya pili akicheka?"

Lilikuwa swali la Fanny mwenyewe. Lilisikika baya zaidi kwenye mdomo wa mwingine.

"Mutoto anashuka, mama. Umeona kadi."

"Nimeona kadi." Samaki mmoja alivunjika mkononi mwake, akavitazama vipande. "Unafikiri sijaona? Unafikiri usiku ninalala? Ninahesabu anavyopumua huyo mutoto. Lakini weye Fanny, ukikufa? Tuseme umekula, tumekula wote, tumefurahi, na mwezi wa nne baridi ile uliyoniambia inarudi miguuni. Nitamuuliza nani? Abbé?" Sauti yake ilipasuka. "Nilikuwa na watoto wane. Nimebakiwa na mumoja. Mumoja, Fanny. Usinitume kwenda kuuharibu ule mupango."

Hakwenda. Jua lilipokaribia kuzama Fanny alirudi peke yake kanisani kumwambia padri asiendelee kungoja. Katekista alikuwa ameshaanza kukusanya matawi ya kuchoma, na abbé alikuwa bado kwenye kiti chake, mstari umekwisha.

"Hakuja," alisema, na haikuwa swali.

"Hakuja."

"Basi weye kula."

Jioni hiyo Mama Viviane alimpakulia sahani iliyojaa kupita kiasi, akakaa mbele yake kuhakikisha anaimaliza, kama mtu anayefunga mizigo ya msafiri.

* * *

Misa ya Majivu ilianza kukiwa bado na baridi ya alfajiri. Fanny alipanda na mstari, akainamisha kichwa, akasikia kidole cha abbé kwenye kipaji chake na maneno kwamba yeye ni mavumbi. Kidole kilikaa pale kidogo zaidi ya lazima. Kisha abbé akampaka Jephté pia, alama ndogo kama mbegu, na mtoto akakunja uso bila kulia.

Nje wanawake wa jumuiya walimzunguka. "Courage, mama." "Tuko pamoja." Mama Chance alimshika mikono yote miwili, na machoni mwake mlikuwa na machozi ya kweli, maana yeye pia alipiga magoti katika ile korido. "Siku ya kwanza njo ngumu," alimwambia. "Halafu mwili unazoea." Fanny akasema asante. Kusema asante kulikuwa rahisi kuliko kusema kingine chochote.

Alikuwa ameamua kula. Njia nzima alikuwa akijiambia: padri amesema, muuguzi amesema, nitakunywa chai, nitakula mkate, mchana nitapika. Nyumbani akachemsha maji. Akatia sukari, akakata mkate, akaketi. Mama yake alikuwa ameshakwenda sokoni. Hapakuwa na wa kumzuia. Akanyanyua kipande cha mkate, akakifikisha mdomoni.

Koo likakataa.

Alijaribu tena. Mkono wake ulikuwa huru, ulimi wake ulikuwa huru, padri alishasema hivyo, lakini kila mkate ulipokaribia alihisi vidole vya miguu, na alipohisi vidole vya miguu aliviona viko baridi. Ilikuwa asubuhi ya Februari, sakafu ya simenti. Vidole vya kila mtu vilikuwa baridi. Alijua. Kujua hakukumsaidia. Aliuweka mkate chini, akaufunika kwa kikombe ili nzi wasiupate, akanywa maji.

Saa nne Jephté alinyonya kidogo, akalala. Saa sita aliamka, akashika titi, akavuta, akaachia, akalia. Akampa lile jingine. Akavuta, akageuza kichwa, akarudi, akavuta kwa nguvu zake zote mpaka masikio yakasogea, kisha akalitema akapiga mayowe. Hiyo haikuwa tena sauti ya paka. Fanny alilikamua titi kwa vidole. Tone likatoka, na jingine, na basi. Alisimama akatembea uani. Akaimba. Akakaa. Alijaribu mkate kwa mara ya tatu, akautema kiganjani. Mlango wa Djamila ulifunguka, Djamila akatoka, midomo mikavu, akaangalia. Akaja tu akakaa karibu naye chini, bega kwa bega.

Mama Viviane alirudi mapema kuliko siku zote. Alimsikia mtoto tangu barabarani. Aliingia uani beseni la samaki bado kichwani, limejaa.

"Tangu saa ngapi?"

"Saa sita."

"Maziwa?"

"Yanakuja kidogo."

Alilitua beseni, akanawa, akampokea mtoto. Akampa kidole chake. Jephté alikinyonya kidole chenye moshi kwa imani yote, akagundua, akalia upya. Mama Viviane alizunguka naye uani, mara moja, mara mbili, mara tano. Alianza Salamu Maria na hakuimaliza. Akamtazama mtoto usoni, ile alama ya majivu iliyofutika nusu kwa jasho. Akamrudisha kwa Fanny. Akaingia jikoni.

Fanny alisikia sufuria. Alisikia mchi unaponda ndizi, mapigo mazito, ya haraka, kama mtu anayepigana. Akadhani ni chakula cha jioni. Djamila aliinuka, akarudi nyumbani kwake na kuuvuta mlango nyuma yake.

Sahani ilipotoka ilikuwa imefunikwa. Mama Viviane aliiweka juu ya kigoda mbele ya Fanny, akafunua: lituma bado inatoa mvuke, na samaki mzima, yule mkubwa wa kuuzwa. Hakumtazama bintiye. Alikwenda akachukua kiti chake, akakigeuza kikaelekea ukuta, akakaa. Kilichoonekana ni mgongo tu, mpana, na fundo la kitambaa.

"Mama?"

"Siko hapa."

"Mama, hii ni nini?"

"Nimesema siko hapa. Sioni kitu."

Jephté alikuwa anagugumia tu sasa, amechoka. Fanny aliangalia sahani, akaangalia mgongo.

"Niambie basi nile. Sema weye. Uliisema weye, uitoe weye."

"Siwezi." Mabega yalipanda yakashuka. "Mudomo wangu ulishasema kule. Hauwezi kusema mara mbili. Usiniombe hiyo, mwanangu, nitakuwa muongo mbele ya Mungu na weye ukiwa mikononi mwake." Ukuta uliokuwa mbele yake haukuwa na kitu, hata msumari. "Lakini mugongo wangu haukuahidi kitu."

Fanny akanyoosha mkono. Akamega tonge, akalichovya, akalitia mdomoni. Akakaa nalo ulimini, moto, tamu, lenye pilipili kidogo, machozi yakimtoka, na mbele yake mgongo ule haukugeuka. Akameza.

Akangoja.

Alisikiliza moyo wake. Alisikiliza miguu yake. Sokoni mbali mtu alikuwa anatangaza kitu kwa kipaza sauti. Upande wa pili wa uani Djamila alikohoa. Hakuna kilichotokea, na kutotokea huko hakukumwambia kitu, kwa sababu mama yake hakuwa amesema ni lini. Inaweza kuwa kesho. Inaweza kuwa mwezi wa nne. Akamega tonge la pili.

Alikula hivyo, tonge na kungoja, tonge na kungoja, mkono wa kushoto umemshikilia mtoto kifuani. Katikati ya sahani Jephté alilitafuta titi tena, akalishika. Alivuta, akapumzika, akavuta. Hakuachia.

"Ananyonya?" Mama Viviane aliuliza ukuta.

"Anajaribu."

"Na weye?"

"Ninaogopa, mama."

"Miye pia."

Nzi alitua ukingoni mwa sahani, Fanny akamfukuza. Ilikuwa siku ya kwanza, saa nane mchana, na jua lilikuwa bado juu sana.

"Kumebaki?" aliuliza mama yake.

"Kidogo."

"Usibakishe."